Inama Hamsini

Kawajense, Mpanda,
10 Agosti 1997.

Mpendwa rafiki yangu Séverine,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba ile homa ya Didace uliyonieleza imeshapoa. Mimi mwili haujambo. Baba huko Mwamkulu naye hajambo, ila mguu unamsumbua tangu mavuno ya mpunga, na mama anasema si mguu, ni uvivu. Utaona kwamba leo sijakusalimu kwa Kirundi, kama nilivyozoea tangu tulipokuwa kidato cha kwanza. Ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata kwa mkono wa Gaspar, yule anayekuja huko Uvinza kuchukua chumvi. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Umeniambia kwamba Jumamosi ya tarehe 23 wazee wa kijiji chenu watakaa juu ya jambo la mzee Telesphor, na kwamba utapanda treni uje usimame mbele yao kwa niaba ya mama yako, useme kwamba yeye ndiye aliyemchongea kaka yako Celestin, na waamue ahame. Umeniomba nije niwe shahidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona akitoka ofisini siku ile. Umeniomba pia nikuandikie habari yote tangu mwanzo, kwa sababu ulikuwa umeshaolewa na ulifika siku ya mazishi tu. Haya, nakuandikia. Naomba tu uisome peke yako kwanza, tena uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Nilipopangiwa shule ya huko makazini kwenu, mwaka 1993, walimu wenzangu wa Mpanda mjini walinipa pole. Walisema nakwenda kufundisha watoto wa wakimbizi porini, kwenye shule yenye madirisha yasiyo na mbao. Mimi nilifurahi. Nilikuwa Msukuma pekee niliyemjua aliyeweza kuongea Kirundi, na unajua nilivyokuwa nakiringia hicho Kirundi. Nilikuwa nikifika dukani namsalimia mtu kwa lugha yake, anashtuka, anawaita wenzake waje wanisikie, na mimi nasimama hapo nimevimba. Wewe ndiye uliyenifundisha, bwenini. Unakumbuka siku ile matroni alipotangaza mkutano, ukaniambia kwenu mkutano unaitwa inama? Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilidhani kwenu watu wakitaka kuzungumza sharti kwanza wakunje migongo. Ukanuna, ukaniambia nisicheke, inama ni neno la heshima, ni watu wazima wamekaa kushauriana jambo zito. Sijalisahau neno lile hata siku moja.

Sasa habari ya mchezo. Celestin alikuwa ameshafanya kazi miaka miwili na yule mzungu mchimba visima, Bwana Pita. Mzungu alipoondoka alimwachia mfuko wa turubai wenye glavu tisa za ngozi, marungu mawili ya kupigia na mipira kumi na kitu, migumu, ya kushonwa. Akamwachia na mchezo wenyewe kichwani, besiboli. Celestin aliniambia kwamba sheria zake ni nyingi na nyingine hakuzielewa, lakini kitu kimoja Bwana Pita alimkaririsha kila jioni: timu inayojua kuzuia mpira wa chini haiaibiki popote. Basi Celestin akaamua kufundisha hicho kimoja. Alikuja shuleni kumwomba mwalimu mkuu watoto wa darasa la sita na la saba, wavulana kwa wasichana, Warundi wa makazini na Wasukuma wa ng'ombe waliokuwa wanakaa mpakani. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, akasema nitakuwa msimamizi. Nilikubali kwa sababu sikuwa na la kufanya jioni.

Kusema kweli, mwanzo nilimwona amechanganyikiwa. Miezi miwili ya kwanza hakuna mtoto aliyeshika rungu. Aliwapanga kwa magoti kwenye vumbi, wawili wawili, mmoja anauviringisha mpira kwa mkono, mwenzake anaupokea. Kushoto hawakuvaa glavu. Walifungiwa ndala, soli imetazama mbele. Soli haishiki kitu, kwa hiyo mtoto alilazimika kuuzuia mpira kwa kushoto na kuufunika haraka kwa kulia, la sivyo unadondoka. Alisema mwenye glavu nzuri anajifunza uvivu wa mkono mmoja. Alikuwa anapita nyuma yao akiwasahihisha kidogo kidogo, mikono mbele ya vidole vya miguu, si chini ya tumbo, uone mpira ukiingia kwa macho yako mwenyewe. Mipira ya mzungu ilipoanza kupasuka, baba yangu alishona mingine kwa ngozi ya ndama, ndani akajaza vipande vya tyubu na uzi. Ilikuwa mizito kuliko ile ya mwanzo na ilikuwa inauma.

Kisha akawasimamisha. Hapo ndipo ilipoanza shida ya kuinama. Watoto wale wote wamekulia shambani, na ukimwambia mtoto wa shamba ainame, anakunja kiuno, miguu anainyoosha, anainama kama anapandikiza mpunga. Akiwa hivyo hawezi kwenda kushoto wala kulia, na mpira unampita huku anautazama kati ya miguu yake. Celestin alitaka magoti yakunjwe, makalio yashuke, mgongo ubaki bapa, kisigino kiwe chepesi. Nilimshauri abadilishe neno, awaambie wachuchumae. Tulibishana siku nzima. Alisema anayechuchumaa ameketi, na aliyeketi hakimbii. Neno ni inama, akasema, ila tutawafundisha kuinama upya. Basi ikawa hivyo. Kila mpira ulipopigwa, alipaza sauti inama, na baada ya muda watoto nao wakawa wanaitana wenyewe, inama, inama, mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani na baiskeli wakawa wanasimama kutazama. Mpira mmoja uliozuiwa kwa namna hiyo aliuita inama moja. Jumatatu na Jumatano kila mtoto alikuwa na inama hamsini. Jumamosi mia.

Na uwanjani ilikuwa Kiswahili tu. Hii naomba uikumbuke. Alisema timu yenye lugha tatu itagongana vichwa, kwa hiyo aliyeropoka Kirundi au Kisukuma mazoezini alipewa tawi, akafagia kokoto uwanja mzima. Hata mimi niliwahi kufagia. Nilimwambia Mariana kwa Kirundi asogee mbele, kwa kujionyesha tu, na Celestin akanikabidhi tawi mbele ya wanafunzi wangu. Nilifagia nimekasirika, watoto wanacheka kwa kuzibana pua, na nilipomaliza aliniambia kwa upole kwamba kuna watoto wa Kisukuma pale hawakuelewa nilichosema.

Mimi mwenyewe sikuwa na kipaji. Nilijaribu kusimama kituo cha pili, katika vile vinne anavyovikimbilia mpigaji, lakini mpira ukikaribia nilikuwa nageuza uso. Mikono inabaki mahali pake vizuri kabisa, shingo inageuka. Celestin alisema mpira wa chini unabadilisha nia kwenye mdundo wa mwisho, na ukigeuza uso huuoni ukibadilisha, ndiyo maana wanaougeuza ndio wanaoumia. Alisema usiusubiri, ufuate, ukutane nao kabla haujaamua. Alinirekebisha wiki tatu, mwisho akakata tamaa na shingo yangu, akanipa rungu niwe mpigaji wa mazoezi. Kazi hiyo niliiweza. Miaka miwili, Séverine, siku tatu kila wiki, nilikuwa nawapigia mipira ya chini, na yeye kando yangu anaita.

Aliyekuwa bora kuliko wote ni Mariana, binti wa Telesphor. Alisimama kituo cha tatu, ambapo mipira inakuja kwa hasira. Siku moja mpira niliopiga mimi uligonga kokoto, ukaruka, ukamvunja jino la mbele. Hakugeuza uso, na mpira aliuokota kwanza, akautupa kituo cha kwanza, ndipo akatema damu. Kesho yake Telesphor alikuja uwanjani na lile jino kwenye leso. Alisema mbele ya watoto wote kwamba Celestin anawavisha wasichana kaptula na kuwavunja meno, na kwamba iko siku atamfunga. Alisema hivyo, ni kweli, na kijiji kizima kililisikia. Celestin alikwenda kwake jioni akiwa na kuku, wakakaa, na Mariana akarudi uwanjani baada ya wiki. Hilo la kuku nadhani hukuambiwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi mwaka jana. Unajua hali ilivyokuwa, huko kwenu Burundi watu wanauana, na huku kila kijana wa makazini aliyeonekana amesimama kwenye mstari aliulizwa mstari huo ni wa nini. Lilikuja gari na mabwana wawili ambao sikuwahi kuwaona. Walitazama mazoezi kidogo, wakamwita Celestin, wakachukua mfuko, marungu yote mawili, na daftari lake. Hakuna aliyepigwa. Watoto waliambiwa waende nyumbani. Watu mpaka leo wanatafuta nani alipeleka habari, lakini uwanja ule uko kando ya barabara. Yeyote mwenye macho angeweza kuona vijana ishirini wanajipanga na marungu.

Asubuhi yake niliitwa ofisi ya makazi. Waliambiwa kwamba mwalimu Nyanzala anakijua Kirundi, na daftari lilikuwa na maneno ya Kirundi humo ndani. Mama yako alinishika mikono yote miwili nikiondoka, akasema nenda kamsemee mwanangu. Mlangoni nilipishana na Telesphor akitoka, anakunja karatasi. Ilikuwa kibali cha kutoka makazini, ampeleke mkewe hospitali Mpanda. Nilikiona kwa macho yangu, kina mhuri na jina la mke wake. Naye akanisimamisha. Alisema, nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, mwalimu, waambie yule kijana si mbaya, ugomvi wetu nyie wenyewe mnaujua, ni wa jino tu. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ndani alikuwapo bwana mmoja mwenye miwani, mpole, aliyenikaribisha kiti. Alifungua daftari mezani. Ukurasa wa kwanza Celestin alikuwa ameandika kwa herufi kubwa WALINZI WA NDANI, na chini yake majina na vituo. Kisha, wakija wawili, muue wa mbele kwanza. Kisha, kituo cha pili kisiibiwe. Bwana yule alinigeuzia daftari nisome. Nilimweleza yote, na nilimweleza vizuri. Nilimwambia walinzi wa ndani ni wachezaji wa karibu, kuua ni kumtoa mchezaji kama watoto wanavyosema kwenye rede, na kuiba kituo ni kukimbia wenzako wamezubaa. Nilisimama nikamwonyesha kwa mikono. Alicheka. Akasema hata yeye utotoni alicheza rede na dada zake. Kisha tukaingia kwenye maneno ya Kirundi, alikuwa anaweka kidole, nami natafsiri. Umupira, mpira. Amaboko, mikono. Gufata, kudaka. Imbere, mbele. Alikuwa anaandika kila ninachosema, na kila mara anatikisa kichwa, anasema mwalimu wewe ni hazina, sisi hapa hatuna mtu kama wewe. Mambo yalikuwa yanaelekea kuzuri, Séverine. Nilijua kabisa kwamba Celestin atalala nyumbani siku ile.

Akageuza ukurasa. Jumatatu, inama 50. Jumatano, inama 50. Jumamosi, inama 100, wote wawepo. Akasema hii anaijua kwa Kiswahili, ila anataka kujua kama kwa Kirundi nayo ina maana. Akaweka kidole.

Nikamwambia ina maana. Nikamwambia ni mkutano. Hata hapo sikunyamaza, nikaongeza kwamba si mkutano wowote, ni neno la heshima, ni watu wazima wamekaa kushauriana jambo zito. Nilisema kama ulivyonifundisha, neno kwa neno, na nilikuwa natabasamu.

Hakuna aliyenishika shati. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimelisikia neno lile kwa Kiswahili miaka miwili, nilikuwa nimepewa tawi nikafagia uwanja kwa sababu ya Kirundi, na nikalitoa kama Kirundi kwa sababu mtu mwenye miwani alikuwa amenisifu na nilitaka anisifu tena. Hiyo ndiyo sababu yote, na nimeitafuta nyingine miezi kumi sijaipata.

Aliacha kuandika. Alirudia polepole, Jumatatu mkutano, watu hamsini, Jumamosi mkutano, watu mia, wote wawepo. Ndipo nikashtuka. Nikaanza kusema hapana, hapa si hivyo, hapa ni kuinama tu, ni hesabu ya mipira. Akaondoa miwani. Akaniuliza, kwa upole uleule, kama na mimi nilikuwa nahudhuria.

Ningejibu ndiyo, nilikuwa nahudhuria, mimi ndiye niliyekuwa napiga hiyo mipira, nileteeni rungu niwaonyeshe inama moja ni nini. Hayo yangemtoa kaka yako, nadhani, au yangetuingiza ndani wote wawili. Nilisema sikuwa nahudhuria. Nilisema mwalimu mkuu aliniandika tu jina kuwa msimamizi, na kwamba jioni huwa nasahihisha madaftari nyumbani. Akasema vizuri, asante sana mwalimu, umetusaidia. Akafunga daftari.

Celestin alikuwa kibarazani nilipotoka, amekaa sakafuni. Hakuwa amesikia kitu. Nilimwambia itakwisha salama. Alinishukuru, akaniambia Jumamosi niwapigie watoto mipira, hata kwa fimbo tu, wasije wakasahau magoti, na nimwangalie Mariana ameanza kuinyoosha miguu. Jumamosi sikwenda. Wala Jumamosi yoyote nyingine. Mwezi wa kwanza niliomba uhamisho, nikapata hapa Kawajense.

Yaliyofuata unayajua. Walimpeleka Mpanda, kisha mbali zaidi, na mwezi wa pili mwili ulirudi na karatasi iliyosema kuhara damu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Sitakuandikia nilivyomwona, ulimwona mwenyewe.

Lakini siku ya mazishi ulikuwa umeketi kando yangu, na hili nataka ulikumbuke jinsi lilivyokuwa. Mama yako alisimama mbele ya watu akanishukuru. Alisema katika walimu wote ni mtoto huyu wa Kisukuma tu aliyekwenda kumsemea mwanawe. Akanipa glavu ya Celestin, ile iliyobaki nyumbani, na wanawake wakaanza kulia. Nikaipokea. Kisha mjomba wenu akauliza, basi nani alipeleka neno la mikutano, maana karatasi ya mashtaka ilitaja mikutano, na hakuna kijana wa kijiji aliyewahi kukaa mkutano na Celestin. Watu wote walinitazama, kwa kuwa nilikuwa nimefika ofisini. Nikasema sijui, ila asubuhi ile nilimwona Telesphor akitoka.

Sikusema zaidi ya hapo. Ilikuwa kweli, nilimwona akitoka. Kama neno inama lilivyokuwa kweli kwa Kirundi. Yote mawili niliyosema yalikuwa kweli, Séverine, na uongo wangu ulikuwa mmoja tu, ule wa kwamba sikuwa nahudhuria. Watu wakakumbuka jino, wakakumbuka atamfunga, na mimi nikarudi Kawajense na glavu.

Juzi siku ya Nane Nane, Mariana alikuja hapa kwangu. Ameendesha baiskeli ya kuazima kutoka huko. Ameniletea chupa ya asali, ya mwisho, kwa sababu mizinga ya baba yake imechomwa. Maharagwe yao yaling'olewa yakiwa na maua. Kisimani wasichana wenzake wakimwona wanabeba ndoo zao wanaondoka. Hakuja kuniomba kitu. Alisema tu kwamba wanafunga mizigo, wasije wakafukuzwa mbele ya watu, na mama yake hawezi kutembea mbali kwa sababu ya ule ugonjwa wa mwaka jana. Alikuwa anaficha pengo kwa mkono akiongea. Wakati anaaga, mtoto wa jirani akauviringisha mpira wake wa matambara uani, ukaja kwa kasi kwenye kokoto. Mariana alikunja magoti, mgongo bapa, mikono mbele, akauchukua kwa mikono miwili. Nilimsikia akijiambia kwa sauti ndogo, inama. Alimrudishia mtoto mpira, akapanda baiskeli. Niliingia ndani, Séverine, nikatafuta karatasi. Kisha nikaanza kuandika barua hii.

Basi shahidi uliyemwomba unaye, na ushahidi wangu ni huu. Telesphor hakumchongea Celestin. Alikwenda kuchukua kibali cha mkewe, na alichosema kuhusu kaka yako kilikuwa kizuri. Neno la mikutano nililitoa mimi, Nyanzala. Sikuambii unisamehe, na nakuomba usijaribu kuwa mwema kwangu kwa ajili ya bwenini. Nakuomba kitu kimoja tu, uisome barua hii mbele ya mama yako kabla ya tarehe 23, kisha mbele ya wazee. Mimi nitakuwapo. Nitakaa mahali ambapo wote wataniona, na safari hii sitageuza uso, wakitaka kunipeleka ofisini wanipeleke, wakitaka kunitemea mate wanitemee. Ukiona nimeanza kulia, endelea kusoma.

Gaspar anakuletea na mfuko mdogo. Ndani kuna ile glavu. Sikuwahi kuivaa. Mrudishie mama, au umpe Mariana, mtaamua nyie.

Nisalimie shemeji na watoto, Didace hasa. Mama yako sithubutu kumtumia salamu kwa karatasi, nitamletea mwenyewe, akizipokea. Baba anakusalimu, hajui ninachoandika, naye atakisikia siku hiyohiyo. Mungu awalinde njiani, treni siku hizi inachelewa sana, ondokeni mapema.

Neno la mwisho. Najua wazee wengine Kiswahili kirefu hawakisikii vizuri, kwa hiyo itabidi uwasomee barua hii kwa Kirundi, na wewe unakijua kuliko mimi. Yatafsiri yote. Lakini utakapofika kwenye lile neno Celestin alilokuwa akiwaitia watoto uwanjani, usilitafsiri. Inama kidogo, uwaonyeshe.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako,

Nyanzala Malale.